Nauli, Jiko na Daftari
Historia fupi ya swali moja la wanawake wa Dar es Salaam



Tunapotimiza miaka kumi tangu kikundi kilipoanza mwaka 2015, kamati ya sherehe ilitutaka tuandike historia. Habari za mwenyekiti wa kwanza na mgawo wa kwanza zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, wala hatutazirudia. Sisi tumechagua kuandika historia ya swali moja, kwa sababu limeletwa mbele ya sanduku letu mara nyingi kuliko jingine lolote: "Jamani akina mama, mnanishaurije? Niendelee na kazi ya kupanda magari kila siku, au niache nikae nyumbani nifanye biashara zangu?"

Anayeuliza hivyo mara nyingi anaomba mkopo. Akishauriwa vibaya, watoto wake ndio watakaolala njaa, na hisa zetu sote ndizo zitakazokwama. Kwa hiyo si swali la kujibiwa kwa mdomo mtupu. Tena si swali jipya. Mama zetu waliliuliza, na kila nauli ilipopanda au mshahara uliposhuka, jibu nalo liligeuka. Tumeona tulifuate tangu lilikotoka.

KABLA YA NAULI

Bibi zetu waliokaa Kariakoo, Ilala na Gerezani wakati wa Waingereza hawakuwa na swali hili. Kazi za mshahara zilikuwa karibu zote za wanaume: bandarini, kwenye reli, maofisini na majumbani mwa Wazungu. Mwanamke alipika vitumbua na maandazi, akakaanga samaki, wengine wakapika pombe, na wateja wakamfuata barazani kwake. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Mtu alitoka Kariakoo hadi Posta kwa miguu akarudi, na hakuona ajabu.

Tusizidharau senti zile. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, watumishi wa serikali walikuwa wamekwisha kukatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwanamume mwenye kazi ya ofisini alikuwa na cha kuogopa akionekana na kadi. Mama muuza maandazi hakuwa na bosi wa kumfukuza. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam, alipitia katika vikundi vyao vya ngoma, na wengi wao walikuwa watu wa kujitegemea kwa biashara ndogondogo. Tukisema kwamba jiko la nyumbani lilichangia Uhuru, hatutanii.

SIKU ZA UDA NA DALA MOJA

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, milango ya ajira ilianza kufunguka kwa wanawake. Walikuwapo walimu, wauguzi, wapiga chapa, na baadhi wakaingia viwandani. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, na vingine vilikuwa vimejipanga Barabara ya Pugu na Chang'ombe. Mshahara ulikuwa na heshima yake. Mwisho wa mwezi unajua utapata nini, na kuna akiba ya uzeeni katika Mfuko wa Akiba wa Taifa, yaani NPF. Mwenye ajira aliitwa mfanyakazi. Aliyekesha anakanda unga aliandikwa "mama wa nyumbani", kana kwamba alishinda amelala.

Mji nao ukatanuka. Mwaka 1967 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika laki nne; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Kazi nyingi zilibaki katikati ya mji na viwandani, huku wapangaji wakisogea pembezoni, kwenye kodi nafuu na viwanja vya bei ndogo. Hapo ndipo nauli ilipoingia katika maisha yetu na kukaa kama mwana wa nyumba.

Kampuni ya mabasi ya DMT ilichukuliwa na serikali mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaundwa UDA. Nauli ya UDA ilikuwa nafuu, taabu ilikuwa basi lenyewe. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta kupanda, na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya vipuri vikosekane na mabasi yalale gereji. Watu walisimama vituoni tangu kiza, na lile lililokuja lilikuja limekwisha kujaa. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kuvizia. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, magari yakapata jina ambalo yanalo mpaka leo, daladala.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 1984 kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 810 kwa mwezi. Aliyepanda daladala kwa dala moja kwenda na dala moja kurudi, siku 26 za kazi, alitoa shilingi 260. Karibu theluthi nzima ya kima cha chini ilibaki mkononi mwa kondakta. Na hiyo theluthi mbili iliyosalia ilikuwa inayeyuka, kwani watafiti waliopima thamani halisi ya mishahara waliona ilianguka kwa asilimia 83 kati ya mwaka 1974 na 1988. Shilingi zilikuwa nyingi kuliko zamani, lakini kilo za sembe zilikuwa chache.

MIRADI

Neno lililookoa nyumba nyingi miaka hiyo ni "mradi". Mwuguzi alifuga kuku uani. Mwalimu aliuza barafu za watoto kutoka kwenye friji lake. Karani wa shirika la umma alishona usiku kwa cherehani ya mguu. Kazini waliendelea kwenda, kwa sababu ajira ilikuwa na matibabu, wengine na nyumba, na jina la mtu, lakini kilichopikwa jioni kilitoka kwenye mradi. Wapo walioona kwamba kile kiti cha ofisini kinawala tu nauli, wakaandika barua ya kuacha kazi.

Haikuwa rahisi hivyo, maana serikali ilikuwa na mashaka na mtu asiye na ajira ya kuandikika. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na mjini wasio na uthibitisho walikamatwa na kurudishwa vijijini. Mwenye kuuza maandazi mlangoni alifanya kazi saa nyingi kuliko wengi, ila hakuwa na karatasi. Na kwa viongozi na watumishi, miiko ya Azimio la Arusha ilikuwa imefunga milango ya kipato cha pili. Ilikuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, wakati mabanda ya kuku yalikuwa yamekwisha kujaa uani kwa miaka.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wetu hawalioni. Friji la barafu lilinunuliwa kwa mshahara. Cherehani nayo ilinunuliwa kwa mshahara, au kwa mkopo wa kazini. Wateja wa kwanza wa keki walikuwa wenzake wa ofisini. Kazi ya barabarani ndiyo iliyoizaa kazi ya nyumbani, kisha mtoto akakua akamlisha mama. Aliyejaribu kuanza mradi bila mshahara wowote nyuma yake alianza na sufuria moja na mkopo wa jirani.

Wa sufuria moja ndio waliokuza upato. Mwenye mshahara hupata hela mara moja kwa mwezi, na huweza kupanga. Mwenye maandazi hupata kila siku kidogo kidogo, na kila siku kidogo kidogo hutoka. Upato uliifunga ile senti kabla haijatoka. Kikundi chetu, pamoja na fomu zake na mihuri yake, ni mjukuu wa upato ule.

KUPUNGUZWA KAZI

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa, mengine yakafungwa, na neno "kupunguzwa" likawa la kila nyumba. Maelfu walirudi nyumbani na kiinua mgongo chao, bila kuwa wameuliza swali letu. Lilijibiwa kwa niaba yao. Wapo waliojenga banda la kuku, wapo waliofungua genge, na wapo walioona fedha zinaisha kama maji kwenye pakacha kwa sababu ilikuwa mara yao ya kwanza kushika kiasi kikubwa bila hesabu.

Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani. Ulisema kwamba anayefanyia kazi nyumbani kwake kwa ajili ya mwajiri astahili haki sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara. Ni jambo jema, lakini mama anayechoma mahindi yake mwenyewe haumhusu. Mwaka uliofuata, 1997, ilitungwa sheria ya NSSF iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani. Mlango wa waliojiajiri ulikuwapo, ila wengi wetu tulipita mbele yake bila kujua kama ni wetu.

KIKUNDI CHETU: WA NYUMBANI NA WA BARABARANI

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa wakazi wa Kimara na Mbezi. Karibu nusu yetu walikuwa wakifanya kazi mjini: wauza duka Kariakoo, wafagizi wa maofisi, wapishi, muuguzi mmoja. Nusu nyingine walikuwa na vyerehani, vigenge, saluni za chumba kimoja, na majiko ya maandazi. Haikupita miezi mitatu tukaanza kuitana wa nyumbani na wa barabarani, na haikuwa kwa utani mtupu.

Wa nyumbani walitaka mkutano Jumatano jioni, siku ambayo biashara ni nyepesi. Wa barabarani walisema Jumatano saa moja usiku wao bado wananing'inia kwenye gari. Wa nyumbani walinunua hisa kila wiki. Wa barabarani walikuwa watupu tangu tarehe kumi na tano, wakaambiwa wavivu wa kuchangia. Nao wakajibu, "Ninyi si mnashinda kivulini, mnatuuliza nini?" Kidogo kikundi kivunjike kwa hayo. Tulimaliza kwa kukubaliana mikutano iwe Jumapili saa kumi, na mwenye mshahara aruhusiwe kununua hisa za wiki nne kwa mpigo. Utaratibu huo upo mpaka leo.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara hadi Kivukoni. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Aliyekuwa akitumia saa mbili na zaidi kwenda mjini alipunguza muda wake sana siku ambazo mabasi yalipatikana. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, na aliyeanza na basi la kuunganisha alilipa 800. Kwa siku 26, kwenda na kurudi, ni shilingi 33,800 kwa wa Kimara, na shilingi 41,600 kwa wa mbali zaidi. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda, kilichotangazwa mwaka 2013, kilikuwa shilingi 115,000. Kwa hiyo wa Kimara alitoa asilimia 29, na wa mbali asilimia 36.

Rudi juu ukatazame hesabu ya mwaka 1984. Asilimia 32. Serikali zimepita, noti zimebadilishwa, dala imekuwa hadithi, basi limekuwa refu na lina barabara yake peke yake, na mwanamke wa kipato cha chini bado anaacha theluthi yake njiani. Tulipoandika hesabu hizi mbili ubaoni siku ya mkutano, wa nyumbani hawakuwatania tena wenzao.

Zamu yao ilikuja mwaka 2017. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Miongoni mwetu wamo waliopoteza paa na mtaji siku moja. Mwajiriwa akibomolewa nyumba, Jumatatu anakwenda kazini, na mwisho wa mwezi analipwa. Fundi cherehani ambaye chumba chake ndicho kiwanda chake, nyumba ikianguka kazi nayo imeanguka, na wateja hawajui alikohamia. Mfuko wa jamii ulitoa ulichokuwa nacho. Wa barabarani, waliokuwa wakiitwa wavivu wa kuchangia, ndio waliouongezea kwa mishahara yao mwezi ule.

HESABU YA MWENZETU MMOJA

Mwaka 2018 mwanachama mmoja, muuza duka Kariakoo, alitaka kuacha kazi akaange maandazi na chapati nyumbani. Tulimwomba atuletee hesabu ya miezi miwili, mmoja wa kazini na mmoja wa majaribio nyumbani wakati wa likizo yake. Ametupa ruhusa kuichapa bila jina lake.

Kazini, baada ya makato, alipokea shilingi 180,000 mkononi. Nauli ilikula 41,600. Chakula cha mchana kwa mama lishe, shilingi 1,500 kwa siku, 39,000. Dada wa kumlelea watoto, 50,000. Alibakiwa na shilingi 49,400. Alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku.

Nyumbani aliuza wastani wa shilingi 20,000 kwa siku, jumla 520,000 kwa siku 26. Aliposoma tarakimu hiyo watu walipiga vigelegele. Mweka hazina akawaomba wasubiri. Unga, mafuta, sukari na mkaa vilichukua 390,000, zikabaki 130,000. Maandazi yaliyoliwa na watoto na wageni bila kulipiwa, shilingi 1,000 kwa siku, 26,000. Majirani waliokopa na kupotea, 18,000. Umeme na maji vilivyozidi, 9,000. Zikabaki 77,000. Bado ni nzuri kuliko 49,400, na watoto wanamwona mama yao mchana.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja ambao yeye mwenyewe aliuandika chini kabisa, kwa penseli. Mume wake alikuwa akiacha shilingi 7,000 za matumizi kila siku. Mwezi ule wa majaribio aliacha 5,000. Alipoulizwa alisema, "Si unauza hapo mlangoni?" Shilingi 2,000 kwa siku 30 ni 60,000. Toa katika 77,000, zinabaki 17,000.

Mkutano ulikaa kimya. Wengi wa wa nyumbani waliutambua mstari huo bila kuelezwa. Mwanamke akirudi nyumbani, biashara yake huingia katika sufuria ya ukoo kabla haijafika kwenye kibubu chake. Hakuna anayemwibia, ni mazoea tu kwamba aliye nyumbani hana kazi, na kilicho nyumbani ni cha wote. Mgonjwa akitokea, yeye ndiye "yupo". Msiba ukitokea, yeye ndiye anayefunga jiko siku tatu.

Alilirudisha daftari nyumbani, akamsomea mumewe mstari kwa mstari. Baba yule ni mtu wa hesabu, na zile 2,000 zilirudi. Tunamshukuru, maana si wote wanaosomewa hukubali.

Ukabaki mstari wa mwisho, ulioletwa na muuguzi wetu. Mshahara wa yule mwenzetu kabla ya makato ulikuwa kama shilingi 200,000. Yeye na mwajiri wake walipeleka NSSF asilimia 20, yaani shilingi 40,000 kila mwezi kwa jina lake. Nyumbani angepata zaidi kwa 27,600 mkononi, na kupoteza 40,000 za uzeeni ambazo hajawahi kuziona kwa macho. Kwa hiyo leo angekuwa na nafuu, na uzeeni angekuwa na pengo.

Hatukumwambia akae wala aende. Alichagua nyumbani kwa sababu ya watoto, na tukampa mkopo kwa sharti ambalo limekuwa kanuni ya kikundi: anayeacha ajira huandika kiasi atakachoweka kila mwezi kwa ajili ya uzee wake, iwe hisa za ziada, iwe uanachama wa hiari wa NSSF. Anakaanga mpaka leo. Maandazi ya sherehe hii ni yake.

KORONA ILIVYOTUFUNDISHA

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, ile tuliyoiita level siti. Wa barabarani walisimama vituoni kama mama zao siku za UDA. Baadhi waliambiwa na waajiri wasubiri nyumbani bila malipo. Tulidhani wa nyumbani watapumua, kwani wao hawapandi gari. Haikuwa hivyo. Wanafunzi hawakupita tena kununua maandazi asubuhi. Wafanyakazi hawakushuka kituoni jioni kununua samaki na mchicha. Saluni zilikaa tupu, maana hakuna aliyekwenda popote pa kupendezea.

Ndipo tulipoelewa kwa matumbo yetu wenyewe kwamba jiko la nyumbani Kimara linawashwa na mshahara wa Kariakoo. Anayekaa anamuuzia anayekwenda. Na anayekwenda hawezi kwenda asipokuwapo wa kumwangalia mtoto, wa kumkaangia samaki, wa kumsuka Jumamosi. Mashindano yetu ya miaka ya kwanza yalikuwa mashindano ya mkono wa kulia na wa kushoto.

Siku hizi simu imeongeza jambo. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 mteja wa Tabata anaweza kumlipa fundi wa Kimara bila kuonana naye. Wapo wanachama wanaopokea oda za keki na vitenge kwa simu, na bodaboda inapeleka. Mtu akisikia hivyo hudhani nauli imekufa. Haikufa, imebadilisha abiria: zamani ilimbeba mwanamke, sasa inabeba mzigo wake. Isipoandikwa kwenye bei ya keki, itatoka kwenye faida.

TUNAKOKWENDA

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitaka vikundi kama vyetu visajiliwe, nasi tumesajiliwa. Usajili umetulazimisha kuweka vitabu vyema, jambo ambalo bibi zetu wa upato walilifanya kwa kichwa na uaminifu. Kwa miaka kumi ijayo, kila mwanachama atakayekuja na swali letu ataombwa alete majibu ya maswali sita:

1. Nauli ya mwezi ni kiasi gani, yako au ya mzigo wako?
2. Chakula, mavazi ya kazi na malezi ya watoto vinachukua kiasi gani?
3. Bidhaa ngapi zinaliwa nyumbani au kukopwa bila kulipwa?
4. Hela ya matumizi itabaki palepale utakapoanza kuuza?
5. Nani ataweka akiba yako ya uzeeni, na wapi?
6. Nyumba ikipata msiba, ugonjwa au kubomolewa, utaishi miezi mingapi?

La nne ndilo linalochekesha watu tukilisoma, na ndilo linalojibiwa kwa shida. Tunawaomba akina baba watakaokisoma kijitabu hiki walisome nao bila kununa. Mwanamke aliyeko nyumbani yuko kazini. Akiitwa kwenda kuchukua mzigo stendi saa nne asubuhi, kuna sufuria inayoungua, na bei yake inajulikana.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama zetu walipoteza theluthi yao njiani kwa habari kamili, kwa kuwa kondakta aliidai mbele ya watu. Zilizopotea bila habari ni zile za jikoni, ambazo hakuna aliyezidai kwa sauti. Kikundi hiki kimefika miaka kumi kwa kuziandika zote mbili katika daftari moja, na kwa kuwakalisha wa nyumbani na wa barabarani kwenye mkeka mmoja kila Jumapili saa kumi.

Anayetaka kujiunga anakaribishwa. Aje na kitambulisho, mdhamini mmoja, na daftari tupu.